Ufadhili wa Masomo ya Mimea na Mazingira katika Historia ya Tanzania: Nani Alilipiwa Asome, na Asomee Wapi

Utangulizi

Historia ya elimu ya juu nchini Tanzania imezoea kuuliza maswali mawili kuhusu ufadhili wa masomo: fedha zilitoka wapi, na wahitimu wangapi walipatikana. Makala hii inaongeza swali la tatu, ambalo kwa upande wa sayansi ya mimea na mazingira lina uzito kuliko hayo mawili: mkataba wa ufadhili ulimtaka mwanafunzi awe wapi wakati anasoma? Mtu anaweza kujifunza sheria ya mikataba mbali na mahakama atakayoitumikia na asipungukiwe sana. Mwanabotania hana nafasi hiyo. Mmea una mahali pake, udongo wake, msimu wake wa kuchanua na jina lake kwa watu wanaoishi nao, na mambo hayo hayasafiri ndani ya bahasha ya sampuli. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tangu miaka ya 1920 masharti ya mahali yaliyomo katika mikataba ya ufadhili yameamua mengi kuliko kiasi cha fedha chenyewe. Yameamua nani aitwe mwanasayansi na nani aitwe msaidizi, mimea ipi ichunguzwe, na matokeo yahifadhiwe katika nchi gani.

Neno ufadhili linatokana na fadhila, na hivyo humfanya mpokeaji aonekane kama mtu aliyetendewa wema na anayedaiwa shukrani. Mikataba inayojadiliwa hapa haikuwa wema mtupu. Kila mfadhili alikuwa na jambo alilolihitaji: maafisa wa kuendesha koloni, marafiki katika Vita Baridi, watumishi wa mpango wa maendeleo, au takwimu za hewaukaa iliyohifadhiwa katika misitu. Kuyataja mahitaji hayo si utovu wa shukrani. Bila kuyataja haiwezekani kueleza kwa nini miti fulani imepimwa mara nyingi na mingine haijulikani ila kwa waganga wa jadi.

Amani, Cambridge na Trinidad

Kabla ya kuwapo mwanafunzi aliyelipiwa, ilikuwapo mimea iliyosafirishwa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kisayansi la Saintpaulia, na baadaye likawa ua la kupambia madirisha duniani kote. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge iliyotoka Florida. Michache tu, sitini na miwili, ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Ua lilitoka na mkonge ukaingia, na katika safari zote mbili hapakuwa na Msambaa wala Mbondei aliyehesabiwa kuwa mwanafunzi wa mimea hiyo.

Taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo iliyoanzishwa na Wajerumani huko Amani mwaka 1902 iliendeleza utaratibu huo kwa mpangilio zaidi. Bustani zake katika Usambara Mashariki zilipandwa mikwinini, mipira, kahawa na mamia ya mimea mingine ya kigeni iliyojaribiwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Waingereza walipoichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, swali la watumishi lilijitokeza: wataalamu wa kuendesha vituo vya aina hii wangetoka wapi?

Jibu la Ofisi ya Makoloni lilikuwa ufadhili wa kilimo wa makoloni, ulioanza kutolewa mwaka 1925. Ulikusudiwa wahitimu wa shahada ya kwanza wa vyuo vya Uingereza na ulidumu miaka miwili. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ulisomwa Cambridge, na wa pili katika Chuo cha Kifalme cha Kilimo cha Nchi za Joto, Trinidad, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1922. Baada ya hapo mhitimu alipangiwa koloni. Aliyepangiwa Tanganyika alifika akiwa amesoma miwa na kakao ya visiwa vya Karibi, lakini hajawahi kuona miombo ikipukutisha majani wakati wa kiangazi wala kuichipusha tena kabla mvua hazijaanza. Mpango huo ulijengwa juu ya dhana kwamba nchi za joto ni kitu kimoja, na kwamba aliyeijua Trinidad alikuwa ameijua nusu ya Afrika. Dhana hiyo ilikuwa na manufaa ya kiutawala, kwa sababu ilimwezesha afisa kuhamishwa kutoka koloni moja hadi jingine bila kufundishwa upya. Kisayansi ilikuwa na kasoro, na maafisa wengi walitumia miaka yao ya kwanza kazini kujifunza yale ambayo ufadhili wao haukuwafundisha.

Waliwafundisha nani? Sehemu ya jibu imo katika kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili iliyoandaliwa na Peter Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Kamusi hiyo ingali inatumika, nayo ni kazi ya kustahiwa. Lakini jina la mti kwa lugha ya wenyeji haliokotwi msituni kama jani. Hutamkwa na mtu anayeutofautisha mti huo na jirani yake kwa gome, kwa harufu na kwa matumizi. Watu hao, yaani wakusanyaji wa sampuli, wapagazi, wakataji wa njia na wazee wa vijiji, walikuwa walimu wa botania ya Tanganyika bila kuwa na cheo cha ualimu. Vilevile walikuwa wanafunzi wake bila ufadhili wa kuwafikisha kwenye shahada.

Kwa vijana wa Kiafrika njia iliyokuwa wazi ilielekea Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Kijana wa Tanganyika aliyesomeshwa huko kilimo kwa fedha za serikali kabla ya mabadiliko hayo alirudi na stashahada na kuajiriwa kama msaidizi. Hapo panaonekana kinaya cha mfumo mzima. Yule aliyesomea karibu na mimea husika, katika hali ya hewa ya ukanda huohuo, ndiye aliyepewa cheo cha chini. Aliyesomea mbali ndiye aliyekuwa bwana shamba mkuu. Umbali wenyewe uligeuzwa kuwa sifa.

Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, si tunda la moja kwa moja la ufadhili huo, kwani uliendeshwa nje ya idara ya kilimo ya koloni. Hata hivyo, unaonyesha gharama ya kutokuwa na wataalamu waliokulia katika mazingira yenyewe. Udongo wa Kongwa unaogeuka kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua za Ugogo zisizotabirika, havikuwa siri kwa Wagogo.

Ndege za kwenda Marekani

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkondo wa ufadhili ulibadilika ghafla. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya na kuchangiwa na Wamarekani mashuhuri, wakiwamo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kupitia mfuko wake, na mpango ukapanuka kuwafikia vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwamo. Wakati huohuo Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, na Jumuiya ya Madola ikaanzisha ufadhili wake baada ya mkutano wa Oxford wa 1959. Kwa mara ya kwanza Mwafrika wa ukanda huu alikuwa na wafadhili wanaomgombea.

Ila hakuna aliyewagombea wanafunzi kwa ajili ya mimea. Mpango wa ndege haukuchagua fani. Mwanafunzi alisoma kilichopatikana katika chuo kilichompokea. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960 kwenda chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas. Alisoma biolojia hadi 1964, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 1966, akiwa amechunguza tezi ya paineali ya kware. Baada ya kurudi nyumbani alijiunga na utafiti wa anatomia ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa sehemu ya masomo, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu huko Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Uzamivu wake ulihusu ukuaji wa awali wa viungo vya uzazi vya ng'ombe.

Wasomaji wengi wanaomfahamu kama mwanzilishi wa Vuguvugu la Mkanda wa Kijani la mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004 hushangaa kuona kwamba hakuna ufadhili hata mmoja uliomlipia kusoma miti. Kilichompeleka kwenye miti, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kazi ya uwandani ya miaka ya 1970. Akiwa anakusanya kupe vijijini kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ndigana, aliona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Aliiona ardhi kwa sababu kazi ya mifugo ilimtaka aikanyage. Kwa mtazamo wa makala hii, mfano wake hauthibitishi kwamba ufadhili wa fani yoyote hatimaye huzaa mwanamazingira. Unathibitisha jambo finyu zaidi, kwamba aliyesomeshwa mbali alihitaji sababu ya kikazi ya kurudi uwandani. Wengi wa rika lake waliporudi walipokelewa na ofisi.

Huko Tanzania baada ya uhuru, serikali ilijaribu kulitatua suala hilo kwa mkataba. Katikati ya miaka ya 1960 mwanafunzi aliyelipiwa masomo ya chuo kikuu alitakiwa kuitumikia serikali kwa miaka mitano, na mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano (1964–1969) ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Mkataba huo ulimfunga mhitimu kwa nchi, jambo ambalo mikataba ya kikoloni haikulihitaji na ya Marekani haikulijali. Haukumfunga kwa fani. Mhitimu wa botania aliyepangiwa kufundisha sekondari au kukaa wizarani alikuwa ametimiza mkataba kikamilifu.

Mfano unaokaribia shabaha ya mpango ule ni wa Keto Mshigeni, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974. Alisoma mwani, viumbe ambavyo wataalamu wa leo wanasita kuviita mimea lakini ambavyo idara za botania zimevilea siku zote. Hawaii ni mbali na Unguja kuliko Cambridge. Hata hivyo, bahari ya joto na jamii za mwani zinazofanana zilifanya alichojifunza huko kiweze kujaribiwa katika maji ya mwambao, ambako mwani wa asili ulikuwa ukiokotwa na kuuzwa nje tangu kabla ya uhuru. Majaribio yake ya kilimo cha mwani yalitangulia kilimo cha biashara kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino na kwa kazi iliyofanywa zaidi na wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki. Hapa hoja ya mahali inahitaji kunyooshwa: umbali kwa kilomita si kipimo. Kipimo ni kama kinachosomwa ugenini kina mwenzake nyumbani, na kama msomi amepewa muda na chombo cha kukifuata.

Morogoro na Ås

Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilianza mwaka 1969, na mwaka 1973 elimu ya misitu ya ngazi ya shahada ikaanzishwa hapo kwa msaada wa Norwei. Kabla yake Mtanzania aliyetaka shahada ya misitu alilazimika kuitafuta nje ya nchi. Msaada wa Norwei ulikuwa na sehemu tatu zilizokwenda pamoja: majengo na vifaa, wahadhiri wa kuanzia, na ufadhili wa kuwasomesha Watanzania vijana katika chuo kikuu cha kilimo cha Ås ili warudi kuzishika nafasi za wahadhiri hao. Kitivo hicho kilipokuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine Julai 1984, miezi michache baada ya kifo cha Edward Moringe Sokoine, sehemu ya tatu ilikuwa imeanza kuonekana katika orodha ya wahadhiri.

Kilichoutofautisha mpango wa Morogoro na iliyotangulia ni misitu yake ya mafunzo. Chuo kilikuwa na msitu wa milimani wa Mazumbai, Usambara Magharibi; kilikuwa na msitu wa kupandwa huko Olmotonyi, Arusha; na kilitumia miombo ya Kitulanghalo, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyekwenda Ås kujifunza takwimu na mbinu za upimaji aliweza kurudi na kupima miti ileile mwaka hadi mwaka. Sayansi ya misitu inahitaji uvumilivu wa aina hiyo. Mti wa miombo hunenepa kwa milimita chache kwa mwaka, na kipimo cha mara moja hakisemi lolote kuhusu ukuaji. Ufadhili wa miaka mitatu hauwezi kuusubiri mti, bali taasisi yenye msitu wake inaweza. Si haki, basi, kuueleza ushirikiano huu kama utegemezi tu, kama baadhi ya maandishi ya miaka ya 1990 yanavyofanya.

Uswidi ilifuata njia nyingine. Kupitia shirika lake la ushirikiano wa utafiti, lililoanzishwa 1975, ilizoeza mtindo ambao wanafunzi wenyewe waliufananisha na mkate wenye kitu katikati: miezi kadhaa Uswidi, msimu wa utafiti nyumbani, kisha kurudi Uswidi kuandika. Mtindo huo ulimrudisha mwanafunzi kwenye mmea wake katikati ya masomo badala ya kumsubiri ahitimu. Ulikuwa na dosari zake, kubwa ikiwa kwamba uandishi, ambao ndio mahali fikra hukomaa, ulifanyika mbali na watu ambao wangeweza kuupinga.

Sampuli zenyewe zilikuwa na historia ya pekee. Mradi wa kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, ulioongozwa kutoka bustani za Kew, ulianza kuchapisha juzuu zake mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza zaidi ya spishi 12,000. Ni moja ya kazi kubwa za botania za karne iliyopita. Katika miaka hiyo sitini Tanganyika ilipata uhuru, ikaungana na Zanzibar, ikajenga vyuo vikuu na kusomesha kizazi kizima cha wanabotania. Lakini mtafiti aliyetaka kuthibitisha jina la mmea wa Uluguru aliendelea kuhitaji ufadhili wa kwenda London, kwa kuwa sampuli nyingi za rejea zilikuwa huko.

Hewaukaa ya miombo

Miaka ya 1980 serikali iliishiwa, na miaka ya 1990 uchangiaji wa gharama ukaingia vyuoni. Kwa shahada za juu nafasi ya serikali ilizibwa na wafadhili wa nje, na kila mmoja alikuja na mada yake. Aprili 2008 Norwei iliahidi Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi na misitu, na hapo ukazaliwa mpango uliojulikana kwa Kiswahili kama MKUHUMI, wa kupunguza hewaukaa inayotokana na ukataji miti na uharibifu wa misitu. Programu ya utafiti iliyoambatana nao, chini ya uongozi wa Sokoine na vyuo washirika wa Tanzania na Norwei, iliwalipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Walisajiliwa nchini, wakafanya kazi katika misitu ya nchini, na wengi wakasimamiwa na wahadhiri ambao wenyewe walikuwa wamepitia Ås.

Kwa kipimo cha mahali, huu ni ufadhili uliokamilika kuliko wote waliotangulia. Miti iling'olewa hadi mizizi na kupimwa uzito, kutoka miombo hadi mikoko, na matokeo yake ni milinganyo ya ujazo na uzito wa miti ya Tanzania iliyokusanywa katika kitabu mwaka 2016. Afisa misitu wa wilaya anaweza leo kukadiria kiasi cha kuni au mbao bila kukopa mlinganyo wa nchi nyingine. Lakini swali lililoulizwa kwa kila mti lilikuwa moja: una kaboni kiasi gani? Mti wa dawa na mti wa mkaa, mti wa mzinga wa nyuki na mti wa tambiko, vyote viliingia katika jedwali kwa safu ileile. Mwanafunzi alikuwa amefikishwa msituni hatimaye, ila swali la kwenda nalo alipewa. Wengine walilipanua wakiwa huko, na tasnifu zao kuhusu mipaka ya vijiji, mgawanyo wa mapato na usimamizi shirikishi zinaonyesha kwamba aliyeko uwandani huona zaidi ya alichotumwa.

Kwa shahada ya kwanza mzigo umehamia kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, imeziweka fani za sayansi na kilimo miongoni mwa vipaumbele, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ufadhili unaobeba jina la Rais Samia huwalipia waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Mwanafunzi asiyekuwamo katika kundi hilo dogo hugawiwa mkopo kwa vipengele: chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachomlipia nauli na posho ya wiki chache za uwandani. Safari ya msituni, ambayo afisa wa mwaka 1925 aliifanya kwa mshahara wa koloni na mtafiti wa mwaka 2010 kwa kroni za Norwei, mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa leo anaifanya kwa deni lake mwenyewe, litakalokatwa katika mshahara wake.